Makamasi Yaliyonuka Upande Mmoja

Makamasi yaliyonisumbua yalitoka katika tundu la kushoto peke yake. Yalikuwa mazito, ya manjano, na harufu yake ya uozo ilizidi kila nilipoinama kufagia au kusujudu. Kwenye zahanati nilipewa dawa za mafua pamoja na antibayotiki. Harufu ilipungua, kisha ikarudi palepale.

Daktari wa masikio, pua na koo ndiye aliyeuliza habari za meno yangu, jambo lililonishangaza kwa kuwa sikuwa na maumivu yoyote mdomoni. Alinieleza kwamba mizizi ya magego ya juu iko karibu sana na sakafu ya sinasi, yaani uwazi uliomo ndani ya mfupa wa taya la juu, nyuma ya shavu, na kwamba jino ambalo kiini chake kimekufa laweza kukaa kimya huku usaha ukipenya juu taratibu. Harufu hutoka kwa bakteria wanaostawi pasipo oksijeni, na makamasi yanayonuka upande mmoja tu humfanya daktari afikirie jino, uvimbe wa fangasi ndani ya sinasi au, hasa kwa mtoto mdogo, shanga au punje ya mahindi iliyosukumwa puani.

Picha ya CT, yaani eksirei inayoonyesha ndani ya mwili kipande kwa kipande, ilionyesha sinasi ya kushoto imejaa, na chini yake gego nililozibwa miaka mingi nyuma likiwa na usaha kwenye ncha ya mzizi. Hapo nikaelewa kwa nini dawa peke yake hazikufua dafu: zilituliza sinasi, lakini chanzo kilibaki kwenye jino. Nilipewa uchaguzi wa kuling'oa au kutibiwa mzizi, yaani jino lisafishwe ndani na kuzibwa, nikachagua kutibiwa, ingawa gharama yake ilikuwa kubwa kuliko ya kung'oa.

Sambamba na hayo nilimaliza antibiotiki nilizoandikiwa na kusafisha pua kwa nusu kijiko cha chai cha chumvi katika kikombe cha maji yaliyochemshwa na kupoa. Daktari alisisitiza maji yasiwe ya bomba moja kwa moja, kwa sababu yanaweza kuwa na vimelea ambavyo ni hatari vikiingia puani. Harufu ilitoweka kabla makamasi hayajakauka, na upasuaji wa kufungua sinasi, uliokuwa umetajwa endapo hali isingebadilika, haukuhitajika.