Kiongozi Anayemeza Dawa Mbele za Watu Wake

Katika miaka yote ambayo dawa za kingatiba dhidi ya matende na mabusha zimegawiwa katika vijiji vya mwambao wa Tanga, jambo ambalo nimekuwa nikiliangalia kuliko mengine ni nani anayemeza kwanza. Dawa ni zile zile kila mahali, na gari la matangazo hupita na maneno yale yale, lakini kijiji kimoja humaliza mgao wake kabla ya adhuhuri huku kijiji jirani kikibaki na makopo yaliyojaa. Wakubwa wa mjini huitaja elimu, au umbali wa zahanati. Mimi, kwa niliyoyaona, naanza kwa kuuliza mwenyekiti wa kitongoji ni nani, imamu ni nani, na kungwi anayesikilizwa na wanawake wa hapo ni nani.

Nazungumzia hasa jamii ambazo hazina watu wengi wala sauti kubwa katika mkoa wetu: Wasegeju, Wadigo na Wavumba wa vijiji vya Mkinga, wavuvi wanaohamia madagoni, yaani kambi za uvuvi, kwa majira, na familia za Wamaasai wa Handeni na Kilindi ambao leo wapo na kesho wamefuata malisho. Watu hawa wameandikwa katika madaftari ya serikali, ila mipango mingi hupangwa kana kwamba kila mtu hulala nyumbani kwake usiku na kuamka asubuhi kwenda shamba. Maradhi yao mengi ni yale yasiyoua haraka, na kwa hiyo hayatangazwi redioni. Hukaa na mtu miaka ishirini, yakamnyima kazi, ndoa na heshima.

Matende na mabusha ni ya kundi hilo. Mbu anapomuuma mtu mwenye vimelea, kisha akamuuma mwingine, huhamisha minyoo ambayo hukua katika mishipa ya limfu na kuishi humo miaka kadhaa, ikizaa vijidudu vinavyozunguka katika damu. Dawa zinazotumika nchini kwetu, ivamektini na albendazoli, huviua hivyo vijidudu vya damuni lakini haziwamalizi wazazi wao, na ndiyo maana watu hutakiwa kumeza kila mwaka, kwa miaka isiyopungua mitano, mpaka minyoo mikubwa izeeke na kufa bila kupata wa kuirithi. Shirika la Afya Duniani linataka angalau asilimia 65 ya watu wote wa eneo wameze katika kila mzunguko. Mkoani Tanga zoezi lilianza mwaka 2004, na maambukizi yamepungua sana tangu wakati huo.

Mgawaji wa dawa hutembea na fimbo yenye alama za rangi, kwa sababu kipimo cha ivamektini hufuata urefu wa mtu na hivyo hakuna haja ya kubeba mizani. Mtoto asiyefika sentimita 90 hapewi. Anayezifika hupewa kidonge kimoja, na mtu mzima aliyevuka sentimita 158 hupewa vinne. Nimeona watoto wakinyoosha shingo ili wafike alama ya juu, na nimemwona nahodha mmoja wa ngalawa, mtu mwenye umri wa baba yangu, akikataa kabisa kusimamishwa ukutani na kupimwa mbele ya vijana wa chombo chake. Mhudumu, binti wa kijiji hicho hicho, hakubishana naye. Alimsalimu, “Shikamoo mzee,” akaitikiwa, akasema, “Basi ukimaliza kutengeneza nyavu nitakukuta nyumbani kwa mama.” Jioni nahodha alipimwa barazani kwake na akameza. Mgeni kutoka mjini angemwandika kuwa amekataa.

Ugumu mkubwa zaidi ulikuwa kwenye damu. Vijidudu vya matende hujitokeza katika damu iliyo karibu na ngozi wakati wa usiku, na kwa hiyo watafiti wanaotaka kuviona vijidudu vyenyewe hulazimika kupima watu kuanzia saa nne za usiku na kuendelea. Sasa fikiria watu wasiojulikana wanaingia kijijini usiku na taa na sindano, katika pwani ambayo vizazi na vizazi vimelelewa na habari za mumiani, mnyonya damu anayewawinda watu gizani. Watu hujifungia ndani, na wengine hulala mashambani mpaka wageni waondoke. Nimewasikia maofisa wakiita hali hii imani potofu, na sikubaliani nao. Mtu anayeombwa damu yake usiku bila kuelezwa itapelekwa wapi ana haki ya kuogopa, na si mumiani peke yake aliyempa haki hiyo.

Anayetaka ushahidi na asome habari za Tuskegee, katika jimbo la Alabama nchini Marekani, mahali palipotoa mfano bora wa uongozi wa afya katika jamii ya wachache na pia mfano wa usaliti mkubwa kabisa. Mwezi Aprili 1915 Booker T. Washington, aliyezaliwa utumwani na baadaye akawa mkuu wa chuo cha Tuskegee, alianzisha wiki ya kitaifa ya afya kwa ajili ya Wamarekani weusi. Mwenzake chuoni hapo, Monroe Work, alikuwa amekusanya takwimu na kukadiria kwamba asilimia 45 ya vifo vya watu weusi vingeweza kuzuilika. Washington aliwaendea watu ambao tayari walikuwa na masikio ya jamii, yaani wachungaji, walimu na viongozi wa vyama vya wanawake, akawataka wahimize usafi wa visima, vyoo na nyumba. Alifariki mwezi Novemba mwaka huo huo, mwenyewe akisumbuliwa na shinikizo la damu, lakini wiki yake iliendelea kwa zaidi ya miaka 30.

Mwaka 1932 Idara ya Afya ya Umma ya Marekani iliichukua wiki hiyo chini ya uangalizi wake. Mwaka ule ule, idara ile ile ilianza kuwafuatilia wanaume weusi wapatao 600 wa wilaya ya Macon, ambamo Tuskegee imo. Kati yao 399 walikuwa na kaswende. Hawakuambiwa ugonjwa wao. Waliambiwa wana damu mbaya, wakapewa usafiri, chakula siku ya kupimwa na ahadi ya kugharimiwa mazishi. Hata penisilini ilipokuwa tiba ya kawaida ya kaswende katika miaka ya 1940 hawakupewa, kwa sababu lengo lilikuwa kuona ugonjwa unavyomwenda mtu mpaka mwisho wake. Utafiti ulisimamishwa mwaka 1972 baada ya magazeti kuufichua, na Rais Clinton aliomba radhi kwa niaba ya taifa mwaka 1997, wengi wa wanaume wale wakiwa wamekwisha kufa.

Kinachoniumiza kila ninaposoma habari hii ni kwamba watafiti walipitia mlango ule ule aliopitia Washington: makanisa, shule, chuo chenyewe, na muuguzi mweusi, Eunice Rivers, ambaye wanaume wale walimwamini kama ndugu yao. Kwa hiyo siridhiki ninapoambiwa kwamba dawa ya kila tatizo ni “kuwashirikisha viongozi wa jamii.” Kumshirikisha kiongozi kunaweza kuwa na maana ya kumfanya mpiga mbiu tu, anayewaita watu wake kwa jambo asilolijua. Imani ya watu ni amana aliyokabidhiwa, na hana ruhusa ya kuikopesha kabla hajauliza maswali na kupata majibu yake.

Ndivyo alivyofanya mwenyekiti mmoja wa kitongoji katika mwambao wa kusini mwa jiji la Tanga. Wagawaji walipofika, alikaa nao barazani na kuwauliza dawa hii inafanya nini mwilini, nani hatakiwi kuimeza, na kwa nini mwaka uliopita baadhi ya watu walipata homa na kuwashwa mwili baada ya kumeza. Mtaalamu alimjibu bila kuficha kwamba dalili hizo huwapata zaidi wale wenye vijidudu vingi, kwa kuwa vijidudu vinapokufa kwa pamoja mwili huhisi, na kwamba kwa kawaida huisha baada ya siku chache. Mzee akauliza swali ambalo halikuwa katika makaratasi ya mtu yeyote: “Na akizidiwa mtu usiku, gari litatoka wapi?” Palikuwa kimya. Alisema kwamba hawezi kumwita mtu hata mmoja mpaka swali hilo lijibiwe, na asubuhi hiyo haikugawiwa dawa. Baadaye mganga wa zahanati alitoa namba yake ya simu, na zikatengwa fedha za mafuta ya bodaboda mbili zitakazolala kijijini. Siku iliyofuata mzee alikula uji wake, akatoka mbele ya watu, akapimwa kwa fimbo kama mtoto, akahesabu vidonge kwa sauti na kuvimeza.

Marekani kwenyewe wamelirudia somo la Washington kwa namna ambayo sisi wa Tanga tunaweza kuielewa upesi. Huko Los Angeles, daktari Ronald Victor na wenzake walizifuata saluni za kunyoa za watu weusi, mahali ambapo mwanamume hukaa kila baada ya wiki chache mbele ya mtu anayemjua. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2018, wanaume 319 wenye shinikizo la damu, wateja wa saluni 52, waligawanywa makundi mawili. Kundi moja lilikutana na mfamasia pale pale saluni, akawapima na kuwaandikia dawa. Kundi la pili vinyozi waliwashauri tu wakamwone daktari na kubadili mwenendo wa maisha. Baada ya miezi sita, namba ya juu ya kipimo cha shinikizo ilishuka kwa milimita 27 za zebaki katika kundi la kwanza, na kwa takriban milimita 9 katika la pili. Kwangu sehemu yenye uzito ni ile tofauti: wote walikuwa na kinyozi wanayemwamini, lakini waliopata nafuu zaidi ni wale ambao ushauri wake ulikuja na mtaalamu na dawa mkononi.

Nililiona jambo hilo katika familia yangu. Mjomba wangu, mvuvi, alikuwa na mshipa, yaani busha, kwa miaka mingi, na kwa sababu ya ukubwa wake aliacha kwenda msikitini, kwanza swala ya Ijumaa na baadaye zote, kwa kuwa kusujudu mbele za watu kulimtia haya. Kijijini wapo waliosema ni madafu aliyokunywa ujanani, na wapo waliosema ni mkono wa mtu. Aliyemtoa ndani ni imamu wa mtaa, ambaye baada ya swala moja aliwaambia wanaume waliobaki kwamba yeye mwenyewe alifanyiwa upasuaji wa busha, kwamba ugonjwa huletwa na mbu, na kwamba anayetaka kufuatana naye hospitali aje nyumbani usiku wala asitaje neno kwa mtu. Walimwendea wengi kuliko alivyotegemea. Upasuaji wenyewe si mkubwa, mara nyingi hauzidi saa moja, na mjomba sasa husali safu ya mbele. Lakini wenzake kadhaa waliandikwa majina na kuambiwa wasubiri kambi ijayo ya upasuaji, na wangali wanasubiri. Imamu hukutana nao kila siku msikitini na hana la kuwajibu.

Kwa wanawake mambo ni mengine, na hapa naona tumezembea zaidi. Mjamzito hatakiwi kumeza dawa hizi, wala aliyejifungua wiki ile. Mgawaji mwanamume anaposimama uani na kumuuliza mwanamwali, mbele ya mama mkwe na mawifi, kama ana mimba, atajibiwa hapana, au binti ataingia ndani asionekane tena. Kungwi wa mtaa huijua mimba kabla zahanati haijaijua, na anaweza kumvuta binti pembeni akamwambia maneno mawili yakatosha. Ila kungwi hayumo katika orodha ya semina wala ya posho.

Serikali ilizindua mwaka 2024 mpango wa kuwapata wahudumu wa afya ngazi ya jamii zaidi ya 137,000 katika miaka mitano, wenye mafunzo na malipo, na naupokea kwa furaha, maana wale niliowajua walikuwa wakitumia viatu vyao wenyewe. Ningeomba tu wanaowachagua wasiishie kwenye cheti cha kidato cha nne, bali waulize kitongoji chenyewe kinamwamini nani.

Ratiba nazo zingepangwa na wenyeji. Wavuvi wa dagaa huwa baharini na karabai zao usiku wa giza na hulala mchana. Mbalamwezi ikiwa kubwa wapo nyumbani, na BMU, kikundi cha wavuvi kinachosimamia kila diko la kushushia samaki, inaweza kumweleza ofisa yeyote ni siku zipi. Mwezi wa Ramadhani dawa igawiwe baada ya futari. Kwa wafugaji, walaigwanani, viongozi wa jadi wa Wamaasai, waulizwe ng'ombe watakuwa wapi kabla gari halijaondoka Handeni. Hakuna kati ya haya linalohitaji fedha nyingi.

Linalohitaji fedha ni upasuaji wa wale walioandikwa majina. Bajeti ya halmashauri itakapoletwa mezani, ningependa diwani wa kila kata ya mwambao asimame na kuuliza fedha za upasuaji wa mabusha zimo katika fungu gani, ni za watu wangapi na kwa mwezi upi, na asikae mpaka ajibiwe.