Panchi ya mvinyo wa Dodoma kwa joto la Desemba

Kuanzia Desemba hadi Februari, Dar es Salaam hakukaliki ndani. Ukuta bado una joto saa nne usiku, ndugu wameshuka kutoka mikoani kwa sikukuu, na uani kwetu Tabata kunakuwa na watu kila Jumapili. Bahati nzuri, msimu huohuo embe dodo zinajaa sokoni na nanasi za Kiwangwa zinauzwa kila kona. Ndiyo maana wageni wangu nawatengea panchi ya matunda na mvinyo.

Mvinyo wangu ni wa Dodoma. Wapo wanaoniambia panchi nzuri inataka chupa kutoka Afrika Kusini au Hispania, na mimi sikubali. Mjomba wangu ana mizabibu Mpunguzi, hukohuko Dodoma, nami nimeona zabibu zinavyomtia mkulima presha: zikishakatwa hazisubiri, na mnunuzi akichelewa hasara ni ya mwenye shamba. Kule huvuna mara mbili kwa mwaka, kwa sababu hakuna majira ya baridi kali ya kuulaza mzabibu kama Ulaya. Ukipogolewa unachipua tena. Kwa hiyo nachukua mwekundu wa Dodoma, usio mtamu, wa bei ya kawaida. Una ukakasi kidogo, na huo ukakasi ndio unaoshika utamu wa matunda usizidi. Dompo, ule mvinyo mtamu wa Dodoma, naipenda kwa siku nyingine. Kwenye panchi ni tamu mno, na ni kali.

Kazi inaanza usiku wa kuamkia siku yenyewe. Nachemsha shira: kikombe kimoja cha maji, nusu kikombe cha sukari, kijiti cha mdalasini, kipande cha tangawizi kilichopondwa na karafuu nne. Karafuu zisizidi hapo, maana ukizimwaga tu bila hesabu ulimi unakufa ganzi na matunda huyasikii tena. Sukari kavu haiyeyuki vizuri kwenye kinywaji cha baridi, inabaki chini ya bakuli, ndiyo maana nahangaika na shira. Naiacha ipoe kabisa kabla haijakutana na mvinyo.

Halafu nanasi moja dogo, vipande vidogo vya kuingia kwenye glasi. Machungwa matatu nayamenya mpaka ile ngozi nyeupe iishe, kwa sababu ikilala usiku kucha inatoa uchungu. Pasheni sita na mbegu zake. Juu ya hayo namimina chupa mbili za mvinyo za mililita 750 na shira, nafunika, naweka kwenye friji hadi kesho yake. Asubuhi ukifunua utasikia harufu ya nanasi na karafuu, na mvinyo umeshalainika.

Embe inaingia saa moja tu kabla ya wageni, ikiwa imeiva lakini ngumu kidogo. Ikilala inavurugika na kuwa uji. Papai siweki kabisa, na tikiti linajaza maji tu.

Soda ni ya mwisho, wageni wakiwa wameshaketi: lita moja ya soda ya maji, iliyokuwa kwenye friji tangu jana. Ikiwa ya moto, gesi yote inatoka wakati unamimina. Na barafu, tafadhali, msinunue ile ya kuhifadhia samaki. Mimi nachemsha maji, yakipoa nagandisha kwenye kopo la aiskrimu. Pande kubwa linayeyuka polepole kuliko vipande vidogo, kwa hiyo panchi haiwi maji kabla watu hawajamaliza kusalimiana.

Sasa nguvu yake. Mvinyo wenyewe ni asilimia 12 hivi. Nikijumlisha shira, majimaji ya matunda na soda, bakuli linafika karibu lita tatu, kwa hiyo inashuka hadi asilimia 6 hivi. Hiyo bado inazidi bia nyingi tunazokunywa, ila utamu unaificha. Naisema wazi kwa kila mgeni, hasa aliyekuja na gari au bodaboda yake.

Jambo ninalolijali kuliko yote ni wale wasiokunywa. Kwetu ni karibu nusu ya ukoo: shangazi yangu wa Kondoa ni Mwislamu, wifi yangu ameokoka, kuna watoto, na kila mwaka kuna mjamzito. Kumpa mtu kama huyo soda ya chupa wakati wenzake wana bakuli la matunda ni kumtenga. Kwa hiyo natengeneza panchi ya pili ya rozela, kwa shira ileile, nanasi na pasheni zilezile. Naitengeneza ya kwanza, kabla chupa ya mvinyo haijafunguliwa, kwa upawa wake na glasi zake. Rangi ya rozela ni nyekundu vilevile, na ukiziweka mbili pamoja hakuna wa kuzitofautisha kwa macho. Ya rozela inakaa kwenye jagi la bluu, meza ya chini. Mvinyo uko kwenye bakuli la kioo, meza ya juu, karibu na mtu mzima wa kuuangalia.

Shangazi bado anauliza kila mara, "Mwanangu, hili la bluu ndilo la kwangu?" Namjibu, "Ndilo, shangazi, nimelitengeneza kwa mkono wangu." Hapo ndipo anakunywa.

Mwishoni linabaki nanasi chini ya bakuli, nalo limeshiba mvinyo kuliko watu wanavyodhani. Watoto wanalivizia kwa vijiko. Nalitoa mezani mapema, na mjomba analimaliza usiku kwa mbuzi choma.