Siku moja maishani mwangu: mwalimu wa hisabati na kijiti cha mbio, Mbulu

Saa 11:30 alfajiri natoka nyumbani nikiwa nimejifunika koti zito, kwa kuwa baridi ya Mbulu haina huruma. Filimbi imo mfukoni, na siku hizi inakaa humo kuliko mdomoni.

Saa 12:00 kamili wanafunzi wangu sita wa mbio za kupokezana vijiti wananiamkia na kuanza kupasha mwili. Tunajiandaa kwa UMITASHUMTA, michezo ya shule za msingi Tanzania ambayo jina lake linataja taaluma pia, ingawa wengi wetu tukishafika uwanjani neno hilo hulisahau.

Mzunguko wa kwanza, binti wa darasa la sita anaondoka mapema, mwenzake hamfikii, kijiti kinaanguka. Miaka miwili iliyopita ningemfokea na kuwazungusha wote uwanja mara tano, maana ndivyo nilivyofundishwa mimi. Nilichovuna kwa njia hiyo ni watoto waliopokea kijiti huku wakinitazama usoni kujua kama nimekasirika, ilhali mpokeaji anatakiwa kutazama mbele. Leo nauliza tu, kuhusu alama anayoiweka chini nyuma yake, ambayo mwenzake akiifikia ndipo yeye huanza kukimbia.

"Alama yako umeiweka nyayo ngapi?"

"Ishirini, mwalimu."

"Mwenzako alikufikia?"

"Hakunifikia." Ananyamaza, nami nanyamaza, na kunyamaza huko kwangu ni kazi ngumu kuliko kupiga kelele. "Basi nipunguze?"

"Wewe unaonaje?"

Anapima upya nyayo kumi na saba, na jaribio la tatu kijiti kinapita.

Saa 3:20 asubuhi niko naye tena, safari hii katika kipindi cha kugawanya sehemu. Mwanzoni mwa mwaka alikuwa akilifunika daftari lake kwa mkono kila nilipopita. Leo anakosea ubaoni, darasa linacheka, lakini harudi kukaa: anafuata hatua zake moja baada ya nyingine hadi anapogundua kwamba hakuigeuza sehemu ya pili. Sidai kwamba kijiti kimemfundisha hisabati, kwa sababu maswali mawili yaliyofuata aliyakosa. Nilichokiona ni kwamba kosa halimfukuzi tena mbele ya ubao.

Mchana ni makande na rundo la madaftari ya kusahihisha.

Saa 9:30 alasiri mzazi mmoja ananionya nisiwadekeze watoto. Namjibu kwa heshima kwamba anayechelewa mazoezi hakimbii siku hiyo, na asiyemaliza kazi ya darasani vivyo hivyo. Masharti hayo sijayalegeza. Nilichoacha ni kumtweza mtoto mbele ya wenzake. Haonekani kuridhika.

Saa 10:15 jioni, katika mita 1500, mvulana mmoja anachomoka mbele tangu mwanzo. Kabla sijafikiri, nimekwisha kupaza sauti: "Rudi nyuma, utakufa njiani!" Anageuka kunitazama, miguu inalegea, anamaliza wa nne na kuondoka bila kuniaga. Aibu iliyoje, kwani Filbert Bayi wetu alivunja rekodi ya dunia ya mbio hizohizo kule Christchurch mwaka 1974, kwa dakika 3:32.16, akiongoza tangu mwanzo.

Saa 3:00 usiku naandika katika daftari langu swali nitakalomwuliza kesho alfajiri, kabla hajavua sweta: ulikuwa umepanga nini?