V8 ya Toyota ndani ya Mercedes-Benz W116: mwaka mmoja na nusu gerejini nyumbani

Nilizungusha ufunguo kwenye mlango wa dereva, na vitufe vya milango mingine mitatu vikazama kimoja baada ya kingine, taratibu, kama vilivyokuwa vikizama tangu gari hili lilipotoka kiwandani. Rafiki aliyesimama nami gerejini alishangaa kuona nafurahia vitufe kuliko ule mngurumo wa silinda nane uliokuwa umetulia dakika chache kabla. Mngurumo niliutarajia. Vitufe vilinitia wasiwasi kwa miezi mingi, kwa sababu mfumo wa kufunga milango wa W116 hauendeshwi kwa umeme bali kwa vakyumu, yaani nguvu ya kunyonya hewa inayotokana na injini yenyewe, na injini iliyokuwa chini ya boneti sasa ilikuwa ya Toyota, isiyojua chochote kuhusu milango ya Mjerumani.

Gari lenyewe ni 280 SE. W116 ilitengenezwa kuanzia 1972 hadi 1980, na ndiyo ya kwanza kubeba rasmi jina la S-Klasse. Chini ya boneti ya 280 SE mlikuwa na M110, injini ya silinda sita za mstari, sentimita za ujazo 2,746, kamshafti mbili juu, bloku ya chuma cha kuyeyusha, na katika magari ya miaka ya mwisho kama langu, mfumo wa Bosch K-Jetronic unaopima petroli kwa njia ya kimakanika bila kompyuta. Ni injini nzuri ikiwa nzima. Yangu ilikuwa imechoka: silinda mbili zilikuwa na mgandamizo hafifu, oili ilikuwa ikiungua, na kigawa mafuta cha K-Jetronic kilikuwa kikivuja kila gari lilipolala siku mbili bila kuwashwa. Ningeweza kuifanyia ovahaulingi, na wako watakaosema ndivyo nilivyopaswa kufanya. Nawaelewa. Lingekuwa 450 SEL 6.9 nisingegusa hata nati moja. Lakini 280 SE si gari adimu kiasi hicho, nami nilitaka gari la kusafiria. Injini ya asili nimeipaka oili, nikaifunga kwa nailoni na kuihifadhi pamoja na bolti zake zote katika mifuko yenye maandishi, na nilijiwekea sharti moja tangu mwanzo: hakuna chuma cha bodi kitakachokatwa, ili siku yoyote mtu akitaka kuirudisha airudishe.

Niliyoichagua ni 1UZ-FE, ile V8 ya sentimita za ujazo 3,969 yenye vali 32, iliyoanza kazi 1989 katika Lexus LS 400, gari lililouzwa Japani kwa jina la Toyota Celsior. Nilitafuta kwa makusudi toleo la awali, kabla ya VVT-i (mfumo wa kubadilisha wakati wa vali kufunguka) kuingia 1997, kwa kuwa throto yake, mlango wa kuingizia hewa, huvutwa kwa waya wa kawaida, ina distribyuta mbili, vigawa umeme wa plagi, ambazo mtu anaweza kuzifungua na kuzitazama, na kompyuta yake haidai ufunguo wenye chipu ndipo iwake. Nguvu yake kwa vipimo vya Japani ni farasi 260. Waliounda bodi hii waliweka ndani yake V8 ya lita 4.5, kisha ile ya 6.9 yenye farasi 286, kwa hiyo sikuwa nikilibebesha gari mzigo wa kigeni. Hata hivyo nilianza na breki, diski zote nne, pedi zote na mipira yote ya oili ya breki, kabla hata ya kukodi winchi ya kunyanyulia injini.

Kwenye karatasi, V8 kuingia mahali pa injini ya silinda sita za mstari ni jambo jepesi, maana V8 ni fupi. Ni kweli ni fupi, ila ni pana, na upana ndio uliokula miezi yangu. Upande wa steringi boksi, menifoldi ya ekzosi ilibakiza nafasi ya kidole kimoja, nikalazimika kutengeneza ngao ya bati yenye tabaka mbili ili joto lisikaushe sili za steringi. Chini, sampu, yaani trei ya oili, iligonga krosi memba ya mbele, ule mhimili wa chuma unaopita chini ya injini, pamoja na fimbo ya kati ya usukani. Kwa kuwa krosi memba sikuiruhusu ikatwe, ilibidi ikatwe sampu, ipunguzwe kina mbele, itanuliwe ubavuni ili ujazo wa oili usipungue, na bomba la kufyonzea oili lihamishwe lifuate shimo jipya.

Sampu iliyochomelewa upya huwezi kuiamini kwa macho. Nilipaka chokaa nje ya kila mshono wa kuchomelea, nikaiacha ikauke hadi iwe nyeupe kabisa, kisha nikamimina mafuta ya taa ndani na kuiweka juu ya matofali mawili usiku kucha. Mafuta ya taa ni membamba, hupita mahali ambapo oili haitapita hadi ipate joto. Asubuhi palikuwa na doa moja la kijivu, dogo kuliko punje ya mtama, kwenye kona ya nyuma. Nilisaga mshono ule kwa grenda, nikachomelea tena, nikarudia chokaa. Doa la pili lilitokea sentimita mbili kando ya la kwanza. Ni mara ya nne ndipo chokaa ilipobaki nyeupe.

Sasa nifike kwenye mikono ya kushikilia injini, jambo ambalo wengi hulipita haraka nami nililipita haraka vilevile, nikajuta. Mara ya kwanza nilitengeneza mikono ya bamba la chuma na kuiwekea bushi ngumu za polyurethane, kwa sababu ndizo zilizokuwa rahisi kupatikana na mtu husikia zinasifiwa kwenye magari ya mashindano. Injini ilikaa imara. Gari likaharibika. Likiwa limesimama kwenye taa, mguu kwenye breki na gia iko D, kioo cha ndani kilikuwa kikitetemeka kiasi kwamba taa mbili za gari la nyuma zilionekana kama nne, na usukani ulikuwa ukiwasha viganja. Hapo nilielewa kwamba nilikuwa nimechukua gari lililosifika kwa utulivu na kuligeuza mashine ya kusaga. LS 400 yenyewe ilisifiwa kwa ukimya, na sehemu ya ukimya huo imo katika maunti zake, yaani vikalio vya injini, za mpira zenye kimiminika ndani, zinazomeza mitetemo kabla haijafika kwenye bodi. Niling'oa kila nilichokuwa nimefanya, nikanunua maunti za asili za injini ile, na kutengeneza mikono mipya yenye mlalo uleule zilionao katika LS 400, kwa sababu maunti ya namna hiyo ikikaa kwa pembe isiyo yake hufa mapema. Kazi ilichukua wikendi tano. Taa za gari la nyuma sasa ni mbili.

Umeme watu huuogopa kuliko yote, nami naona unahitaji subira zaidi kuliko akili. Niliutandika mkanda mzima wa nyaya wa 1UZ sakafuni, nikabandika kila plagi jina lake, na kuondoa tu zile nyaya zilizohusu vitu ambavyo gari langu halina. Ukishachambua hivyo, kompyuta ya injini inabaki ikidai mambo machache kutoka kwa gari: umeme wa kudumu, umeme wa swichi, ishara ya stata, njia ya kuamuru relei ya pampu ya petroli, taa ya onyo kwenye dashibodi, na nyaya nzuri za athi. Hiyo athi ndiyo iliyonifedhehesha. Siku ya kwanza ya kujaribu, stata ilizunguka kwa uvivu, kisha nikaona moshi mwembamba ukipanda karibu na ukuta unaotenganisha injini na chumba cha abiria. Nilikuwa nimesahau kufunga waya mnene wa athi kati ya injini na bodi, na kwa kuwa injini imekaa juu ya mpira, umeme wote wa stata ulikuwa ukitafuta njia ya kurudi kwenye betri kupitia waya wa ekseleta, ambao ndio chuma pekee kilichounganisha injini na bodi. Ala yake ya plastiki iliyeyuka kama mshumaa. Niliweka nyaya mbili za athi badala ya moja, na waya mpya wa ekseleta, uliohitaji kishikizo cha kubuni kwenye pedali kwa sababu Mercedes ya zamani huvuta throto kwa mfululizo wa fimbo wala si kwa waya.

Petroli haikunisumbua. K-Jetronic hufanya kazi kwa shinikizo la takriban bar 5, wakati 1UZ inaridhika na karibu bar 3, kwa hiyo pampu ya asili iliyo nyuma chini ya gari inatosha na kuzidi, na bomba la kurudishia petroli kwenye tangi tayari lilikuwepo. Nilibadilisha filta na mipira tu, na pampu nikaiweka chini ya amri ya kompyuta ili injini ikizimika ghafla nayo isimame. Redieta ni mpya, ya alumini, na feni ni mbili za umeme.

Giaboksi ni ile iliyokuja na injini, ya A341E, na faida yake niliihesabu kwenye karatasi kabla ya kuinunua. Difu ya 280 SE ina uwiano wa 3.69, na giaboksi ya zamani iliishia kwenye gia ya moja kwa moja, yaani ya uwiano wa 1.0. Kwa matairi niliyo nayo, yenye mzunguko wa karibu mita 2, kasi ya kilomita 100 kwa saa ilikuwa inaizungusha injini zaidi ya mara 3,000 kwa dakika. Gia ya nne ya giaboksi mpya ni ya takriban 0.7, na kwa kasi ileile mizunguko hushuka hadi karibu 2,200. Tofauti hiyo unaisikia masikioni saa nzima ya safari. Giaboksi hii ina waya wake mwembamba unaotoka kwenye throto, unaoiambia iongeze shinikizo la oili kadiri unavyokanyaga, na waya huo ukilegea gia hubadilika kwa ulaini wa kupendeza huku klachi za ndani zikiteleza na kuungua. Yeyote anayehamisha giaboksi ya namna hii aupime waya huo kabla ya kusogeza gari hata mita moja.

Vakyumu niliichukua kwenye menifoldi ya hewa, nikaipitisha kwenye vali ya njia moja, kisha nikaigawa: mpira mnene kwenda kwenye buta ya breki, kile kisaidizi cha mguu, peke yake, na mwembamba kwenda kwenye tangi dogo la akiba linalohudumia milango. Spidomita ya W116 huzungushwa na waya wa kimakanika, na giaboksi mpya hutoa ishara za umeme tu, kwa hiyo niliweka kisanduku chenye mota ndogo inayosoma ishara hizo na kuuzungusha waya ule wa zamani. Sindano inapanda kwa utulivu uleule, na anayetazama dashibodi hatajua chochote.

Uvivu mmoja ulinigharimu. Stata ya 1UZ haiko ubavuni kama za injini nyingi. Imefichwa bondeni kati ya safu mbili za silinda, chini ya menifoldi ya kuingizia hewa. Injini ilipokuwa juu ya stendi nilibadilisha taimingi belti na pampu ya maji inayozungushwa nayo, nikaitazama stata, nikaona inafanya kazi, nikaiacha. Wiki ya sita barabarani ikaanza kutoa mlio wa "ta" mmoja na kunyamaza. Vipande viwili vya shaba ndani ya solenoidi, vyenye ukubwa wa kucha, vilikuwa vimelika upande mmoja. Kuvifikia ilinibidi niondoe menifoldi nzima, reli ya petroli na nusu ya nyaya nilizokuwa nimezipanga kwa unadhifu. Nilipokuwa humo nilibadilisha pia sensa mbili za noki, zinazosikiliza mlipuko mbaya ndani ya silinda, zilizolala jirani yake, maana sitaki kurudi mahali pale tena.

Makaratasi ni suala fupi: namba ya injini haitalingana tena na kadi ya gari, na ni vyema mamlaka ya usajili na bima wajue mapema kuliko kujua baada ya ajali. Pua ya gari nayo imeinuka kwa sentimita moja na nusu, kwa kuwa bloku ya alumini ni nyepesi kuliko ile ya chuma. Naipenda hivyo, sijagusa springi.

Lililobaki ni mvumo. Maunti laini zilipoingia, injini ilishuka milimita chache kuliko ilivyokaa kwenye zile bushi ngumu, pembe ya propela ikabadilika, na diski za mpira za kuungia propela za Mercedes hazivumilii pembe kubwa. Matokeo yake ni mvumo mdogo unaotokea kilomita 90 kwa saa na kutoweka 95. Jumamosi iliyopita niliweka shimu, kipande cha bati cha kuinulia, ya milimita 4 chini ya maunti ya giaboksi, nikaenda kujaribu, na mvumo ukahamia kilomita 110, ukiwa dhaifu zaidi. Shimu ya milimita 6 nimekwisha kuikata, iko juu ya meza.