Saa tatu juu ya fungu, Kilwa

Nilipopiga simu gesti nikiwa bado Dar, dada wa mapokezi alinitajia shilingi 40,000 kwa usiku: chumba selfu, kiyoyozi, chai ya asubuhi humo humo. Suala la maji nililiuliza mara mbili. Mimi mtu wa Mwanza, nikikosa kuoga siku moja najiona kama dagaa aliyesahaulika mwambani. Dada akacheka. "Kaka, maji hapa ni ya kumwaga."

Safari yenyewe sina la kuisimulia sana. Basi liliondoka Mbagala alfajiri, likapita Mkuranga, Kibiti, Ikwiriri, kisha tukavuka Rufiji kwenye Daraja la Mkapa. Mzee mmoja aliyekaa nyuma yangu alianza kueleza jinsi walivyokuwa wanalala kwenye foleni ya kivuko kabla daraja halijafunguliwa mwaka 2003, na alikuwa bado analala foleni hiyo tulipofika Somanga. Nangurukuru nikashuka, nikabanwa kwenye kigari cha kwenda Kilwa Masoko, goti la mtu mbavuni na kuku wa mtu miguuni.

Gesti sasa. Nilipotoa 40,000, dada yule yule mwenye sauti tamu akaniambia bei ni 55,000, kwa kuwa wakati huu ni msimu wa wageni. Msimu gani? Vyumba kumi na viwili, funguo kumi na moja zinaning'inia ukutani nyuma yake. Nikalipa, maana giza lilikuwa linaingia na begi lilikuwa zito. Kuingia chumbani, kiyoyozi kipo, kimetulia juu ukutani kama mkwe. Rimoti hakuna. Nikarudi mapokezi. Rimoti, kumbe, inakaa kwenye droo ya bosi na inakodishwa 10,000 kwa usiku. Nikamwambia dada nitalala na dirisha wazi. Akanijibu kwa upole wote wa watu wa Pwani kwamba mbu nao hawajalipa chumba, lakini wataingia tu.

Bomba nilifungua mwisho. Likakohoa, likatoa pumzi ya moto, likanyamaza. Pembeni ya choo palikuwa na ndoo ya lita ishirini na kopo la kupimia mchele. Ya kumwaga kweli. Tena yalikuwa na chumvi, sabuni ikakataa kutoa povu, nikatoka bafuni nikinata kuliko nilivyoingia.

Haya yote nayaeleza kwa sababu ndiyo yaliyonifikisha kwenye tope.

Jioni ile nilikuwa nimeshakata kibali cha kwenda Kilwa Kisiwani, kisiwa chenye magofu ya mji wa kale, pale ofisi ya Mambo ya Kale, na kijana wa kutembeza wageni akanipeleka gatini kutafuta chombo. Boti ya injini walitaka fedha ambayo mtu mmoja peke yake halipi akiwa na akili timamu. Tukampata nahodha wa mashua ya tanga, mzee mwembamba mwenye kofia ya kiua iliyopauka.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Kisiwani?"

Tukakubaliana bei upesi kuliko nilivyozoea. Ubishi ulikuwa kwenye saa. Yeye alitaka tung'oe nanga saa kumi na mbili asubuhi. Mimi nikasema saa mbili. Akasema mwezi ni mpevu, ni bamvua, maji hujaa na kupwa kupita kawaida, saa mbili maji yatakuwa yametoka. Nikamwangalia kwa yale macho ya mtu aliyekwisha kuibiwa mara moja siku hiyo. Kwa hesabu zangu, mzee ana mteja mwingine saa tatu na anataka kunimaliza mapema. Halafu chai. Kwenye ile 55,000 kulikuwa na chai, na chai hainywewi saa kumi na mbili. Sikuwa tayari kuwaachia gesti hata yai.

"Saa mbili," nikasema. "Tena tuanzie Husuni Kubwa, magofu mengine baadaye."

Mzee akatema mate baharini taratibu. "Tutajaribu. Tukikwama, tumekwama wote."

Ile chai ilikuwa chapati moja, yai moja, na maji ya rangi yenye sukari iliyoganda chini ya kikombe. Ililetwa saa mbili kasoro robo.

Kutoka gati ya Masoko hadi Kisiwani ni mwendo mfupi, kama kilomita mbili za maji. Gereza, ile ngome ya zamani, unaliona likiwa limekaa ufukweni, kubwa na la kijivu, tangu hujapanda chombo. Tulilipita kwa mbali tukielekea mashariki, upande wa mikoko, ambako Husuni Kubwa, kasri la sultani, iko juu ya genge. Upepo wa kusi ulikuwa haujaamka vizuri. Mwanamaji, kijana wa miaka kama kumi na sita, mjukuu wa nahodha, alikuwa anatia pondo, ule mti mrefu wa kusukumia chombo, majini na kila akilitia linazama kidogo kuliko mara iliyotangulia. Niliona. Sikuelewa nilichokuwa nakiona.

Kisha chini ya miguu yetu kukasikika sauti kama ya mtu anayekwangua sufuria. Mashua ikasimama juu ya fungu la mchanga.

Hakuna aliyepiga kelele. Mjukuu alisukuma pondo mara tatu nne kwa ajili ya heshima tu, akaliweka. Kijana wa kutembeza wageni akajifunika kofia usoni akalala, na sijawahi kuona mtu anayelala kwa utaalamu namna ile. Nahodha akatua tanga, akalitandaza juu ya foromali, ile boriti ya tanga, kuwa kivuli, akatazama jua, akasema: "Saa sita, saa saba hivi, yatarudi."

Ilikuwa saa tatu.

Mimi nimekulia kwenye maji. Babu yangu alivua sangara, mimi mwenyewe nimepiga kasia kabla sijajua kuendesha baiskeli. Lakini ziwa letu ukilala liko pale, ukiamka liko pale. Maji ya kuondoka na kurudi nilikuwa nayasoma kwenye jiografia tu. Hapa niliyaona yakiondoka kwa macho yangu, mtu anavyovutwa shuka akiwa usingizini. Mara ya kwanza yalikuwa yanagusa ubavu wa mashua, nikageuka kunywa maji ya chupa, nikarudi kutazama, pana mchanga. Wakati wa bamvua huku Pwani tofauti kati ya maji kujaa na kupwa hupita mita 3. Huo ni urefu wa chumba changu cha gesti kutoka sakafuni hadi kwenye kile kiyoyozi.

Baada ya nusu saa nikaamua kutembea. Husuni ilikuwa pale, naiona kati ya miti, hata mita mia tano hazifiki. Nahodha akasema, "Vua viatu." Makobazi yalikuwa mapya ya ngozi, ya Kariakoo, na nani anajua chini kuna nini. Nikaruka nayo. Hatua mbili za kwanza zilikuwa mchanga mgumu, nikageuka nikamtazama mzee kwa ushindi. Ya tatu ikawa tope hadi gotini. Tope la mikoko ni jeusi, la baridi, lina harufu ya mayai yaliyooza, na likishakushika linafunga mdomo. Nilivuta mguu wa kushoto kwa mikono miwili. Mguu ukatoka. Kobazi likabaki.

Nikaingiza mkono hadi kwapani nikapapasa. Hakuna kitu. Nilipoinua kichwa nikakuta vikaa vidogo vimetoka kwenye matundu yao, vile vya gando moja kubwa na jingine dogo, vinanyanyua lile gando kubwa na kulishusha, vinanyanyua na kushusha, mamia yao, kama umati uliokuja stendi kumsindikiza jamaa yao.

Ndipo wakaja kina mama. Walikuwa watano, khanga zimefungwa juu, vijiti na ndoo mkononi, wanakwenda kuchokoa pweza kwenye miamba iliyokuwa imeachwa wazi. Walipita palepale ambapo mimi nilizama, kwa miguu mitupu, kama wanapita barazani kwao. Mmoja, bibi wa makamo kupita mama yangu, akasimama akanitazama kuanzia tope hadi kofia.

"Mgeni," akasema, "unasafiri au umepanga?"

Wakacheka hadi wakashikana mabega. Nahodha naye akacheka. Yule aliyelala akacheka bila kufungua macho. Nikajibu kuwa nimepanga, na kodi nimelipa elfu hamsini na tano, chai ndani yake, na hapo bibi akaniuliza gesti gani, nikaitaja, akasema "Aaa," ile "aaa" ndefu inayoshuka mwishoni. Nikajua mji mzima unaijua ile rimoti.

Nilirudi chomboni nikasafishwa mikono kwa kopo. Mjukuu akafungua chombo cha wali wa jana na samaki wa kukaanga, tukala kwa mkono mmoja mmoja, na nasema bila aibu kwamba ndicho chakula kizuri nilichokula Kilwa. Nahodha alitaka kujua habari za ziwa.

"Linapwa?"

"Halipwi, mzee."

"Kamwe?"

"Kamwe."

Akatafuna kwanza. "Sasa nyinyi mnajuaje saa ya kutoka?"

Nikamwambia tunatoka muda wowote tunaotaka. Akanitazama kwa huruma, kama nimemwambia kwetu hakuna misimu wala Ijumaa.

Maji yalirudi kama alivyosema. Saa sita na kitu mashua ikatingishika kidogo, ikanyooka, na mjukuu akachukua pondo kana kwamba alikuwa ameliweka dakika hiyo hiyo. Kusi nayo ilikuwa imeamka. Hata robo saa hatukumaliza, tukafika chini ya genge.

Husuni Kubwa ilijengwa na Sultani al-Hasan bin Sulaiman mwanzoni mwa karne ya 14, vyumba zaidi ya mia, juu ya mwamba unaotazama njia ya vyombo vinavyoingia. Dhahabu ya Sofala, huko pwani ya Msumbiji ya leo, ilikuwa inapitia mikononi mwa watu hawa. Ibn Battuta, msafiri maarufu wa Morocco, alifika Kilwa mwaka 1331, wakati wa sultani huyo huyo, akauhesabu katika miji mizuri aliyoiona. Kijana wa kutembeza wageni, sasa akiwa macho kabisa na mwenye ufasaha wa kushangaza, alinipitisha ua kwa ua, na ndipo akanisimamisha kwenye ukingo wa birika.

Birika la kuogea. Pembe nane, limejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, vidaraja vya kuteremkia pembeni, limechimbwa katikati ya kasri juu ya genge ambako mto hakuna. Maji yalibebwa. Kuna watu waliyapandisha hadi pale kwa vyombo, mabegani au vichwani, ili mtu mmoja na wageni wake wajitose wakitazama bahari. Sasa hivi mna majani makavu na mjusi. Nilikaa kwenye ukingo wake nikiwa na kobazi moja na tope limekauka hadi mapajani, nikawaza lile kopo la mchele. Miaka mia saba. Nilishikwa na wivu, sikufichi, wivu wa mtu hai kwa maiti.

Msikiti Mkuu tuliupitia jioni jioni, nao ulistahili zaidi ya muda niliobakiwa nao: nguzo, matao, kuba nyingine bado zimesimama, mwanga unaingia kwa mistari. Wareno waliupora mji huu mwaka 1505. Magofu haya na yale ya kisiwa jirani cha Songo Mnara yaliingia kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1981, yakawekwa katika yaliyo hatarini 2004, yakaondolewa huko 2014 baada ya kukarabatiwa, na kazi hiyo inaonekana kwenye kuta. Songo Mnara kwenyewe sikwenda. Bei ya boti niliambiwa nikabaki nasikiliza tu. Kilwa Kivinje, mji mkongwe wa jirani, nilikwenda siku iliyofuata nikazunguka mitaa yenye majumba ya zamani yaliyopasuka, nikanywa kahawa, nikarudi.

Usiku wa mwisho nililala nikisikiliza bomba likikohoa. Nikakumbuka Saanane. Kisiwa kile kiko pale mbele ya mji wetu, hifadhi ya taifa kamili tangu 2013, na katika miaka yangu yote nimekwenda mara moja, tena kwa sababu shemeji alikuja kutoka Iringa. Mgeni akifika Mwanza namwonyesha kwa kidole kutoka barabarani. Sijui hata nahodha gani wa kwetu ningempelekea, wala ningemwambia aje saa ngapi. Saa yoyote, nadhani.

Asubuhi dada wa mapokezi alinidai 10,000 ya taulo. Nilikuwa nimejifutia lile tope, na taulo lilikuwa jeupe, hilo nakiri. Nikamwambia pangekuwa na maji ya bomba ningejifuta nikiwa nimeshaoga. Tukaishia 5,000. Kwa hasira nikarudi chumbani nikalitupa taulo lao kwenye pipa, na juu yake lile kobazi la kulia, nikaondoka na kandambili.

Tulikuwa tumeshavuka Rufiji simu ilipoita. Nahodha. Akaniuliza nimefika wapi, nikamwambia Ikwiriri. Akasema yule bibi wa pweza amelipata kobazi langu, limetoka lenyewe na maji, ameliosha na kulianika, ngozi yake nzima kabisa. Anasema nikipita tena nije na lile la pili.