Ya isiyo na nukta

Juzi usiku mwanangu aliinua kichwa kutoka kwenye daftari. "Baba, Shirazi ni babu yupi?" Kwetu jina la tatu ni la babu, basi alikuwa na haki ya kuuliza. Nikalikumbuka duka la zafarani.

Ni Dubai, mwaka wangu wa pili kule. Mambo ya kazi nayaruka. Kila Ijumaa nilipita Deira kwa mzee mmoja Muirani, kwao Bastak, mji uliowapa watu wake jina la Bastaki, na mtaa wao ng'ambo ya Khor, hori la Dubai, ukaitwa Bastakiya. Siku alipoliona jina langu kwenye kitambulisho, aliacha mizani.

Alichukua kikaratasi cha kufungia zafarani, akaandika Shiraz. Herufi ze haishikani na inayoifuata, kwa hiyo akaacha upenyo mwembamba, kisha akaishusha herufi ya, ile i ya mwisho, imesimama peke yake pembeni. Wino ukachuruzika kidogo mkiani. "Huu mji," alisema kwa Kiarabu, akigusa kabla ya upenyo. Akagusa ya. "Na huyu mtu." Nikamwambia, kwa adabu za chuo cha Kurani, kwamba amesahau nukta mbili. Akacheka mpaka mabega yakatikisika: kwa Kifarsi, ya ya mwisho haitiwi nukta.

Basi akanitajia: Saadi Shirazi, mshairi. Nasir al-Din Tusi, mnajimu, wa Tus. Razi, tabibu aliyeitenga ndui na surua, kwao Rey, ila hapo ze imejipenyeza. Khomeini, wa Khomein. Sheria ya Iran ya 1925 ilipomtaka kila mtu awe na jina la ukoo, wengi walishika la mji wao. Nikamwambia sisi mji tunautia M mbele: Mtumbatu, Mmakunduchi. Alipenda sana.

Kisha: "Wewe ni Shirazi wa mtaa gani?"

Sikuwa na mtaa. Nilikuwa na kibla cha msikiti wa Kizimkazi, Unguja, maandishi ya Kikufi, mwandiko wa kale wa Kiarabu, ya mwaka 500 Hijria, yaani 1107, na kidole cha babu kikiyafuata hewani bila kuligusa jiwe: "Hawa ndio wetu." Nikajibu: Kizimkazi.

Aliandika polepole, nikimtajia sauti moja moja. Alipomaliza aliutazama mwisho wa neno. "Hili lina ya tayari," akasema.

Nilimsimulia mwanangu yote hayo. Akachukua penseli, akaandika Shirazi kwa herufi za chuoni, na chini ya ya akatia nukta mbili, moja baada ya nyingine. Sikumsahihisha.