Baiti za mwisho zimefika!

Jamani leo nina raha!

Keneli ya Linux (kiini cha mfumo endeshi) tangu toleo 4.13 la 2017 inaweza kusimba yenyewe data ya TLS, ile njia ya kulinda data mtandaoni. Data inasafiri kwa vifurushi vinavyoitwa rekodi, rekodi moja inabeba mpaka baiti 16,384. Sasa mafaili yetu yalikuwa yanafika bila mkia, kodi ya programu inaambiwa data zaidi inakuja, inaacha rekodi wazi inasubiri, kumbe faili limeshaisha, soketi (mlango wa mawasiliano) inafungwa na zile baiti za mwisho zimepotea, erori hakuna!

Huo ukimya ndo unaniuma, mtu anaamini kazi yake imefika salama.

Leo tumeweka ishara ya mwisho wa faili, rekodi inatumwa hapo hapo. Nikalinganisha heshi mbili (alama inayokokotolewa kutoka kwenye faili), ya faili lililotumwa na ya lililofika, herufi kwa herufi…

zinafanana!!

Nyie mnakagua vipi data isipotee kimyakimya? Niambieni